Kutoka Mbeya hadi Ujerumani kusomea ufundi: mwongozo kamili wa visa ya mafunzo

Mdogo wangu alipopata visa ya kwenda kusomea uuguzi Ujerumani, majirani zetu wa Uyole walikuja mmoja mmoja na swali lile lile: "Mlimlipa nani?" Hatukumlipa mtu. Tulilipa ada ya pasipoti, ada ya mtihani wa lugha, ada ya visa, na nauli za basi za kwenda na kurudi Dar es Salaam ambazo nikizijumlisha mpaka leo zinaniuma. Kilichotumika zaidi ni muda. Tangu siku aliyoanza kujifunza salamu za Kijerumani mpaka siku aliyopanda ndege ulipita mwaka mmoja na miezi saba.

Naandika kwa ajili ya kijana wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, au aliyetoka VETA na bado anazunguka bila kazi, pamoja na mzazi anayefikiria kuuza shamba la parachichi ili mtoto asafiri. Mzee, mama, usiuze shamba kwanza. Soma mpaka mwisho.

Unaomba kitu gani hasa

Mafunzo ya ufundi ya Ujerumani yanaitwa Ausbildung. Lijue neno hili, kwa sababu ndilo utakaloandika kila unapotafuta nafasi mtandaoni. Katika mfumo wao mkuu unasaini mkataba na mwajiri: karakana, hospitali, hoteli, kiwanda cha mikate, kampuni ya umeme. Siku kadhaa za wiki uko kazini chini ya fundi, siku nyingine uko shule ya ufundi. Inachukua kati ya miaka 2 na mitatu na nusu, na fani zinazotambuliwa ni zaidi ya 300. Karo ya shule hulipi, na mwajiri anakulipa kila mwezi. Kwa mikataba iliyoanza 2025, kima cha chini kisheria kwa mwaka wa kwanza ni euro 682 kwa mwezi. Wanaosomea uuguzi kwenye hospitali za umma wanapata zaidi, mwaka wa kwanza tu ni zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato.

Kuna pia mafunzo ya shule peke yake, ambayo hayana mwajiri. Huko mara nyingi hakuna malipo, na shule nyingine za binafsi zinatoza ada. Mtu akikuambia "nimekupatia Ausbildung", swali lako la kwanza liwe: nani ananilipa, na kiasi gani?

Visa yenyewe ni ya kitaifa, ya muda mrefu, inayotolewa chini ya kifungu cha 16a cha sheria yao ya ukaazi. Si ile ya Schengen, visa fupi ya kutembelea Ulaya ya siku 90. Asikudanganye mtu kwamba utaingia na visa ya matembezi halafu "utabadilisha hukohuko". Kwa kawaida utaambiwa urudi nyumbani ukaombe upya, na muda na nauli vimeshapotea.

Njia nyingine ipo kwenye kifungu cha 17: visa ya kwenda kutafuta nafasi ukiwa kulekule, hadi miezi 9, kwa ambaye hajatimiza miaka 35, mwenye Kijerumani cha ngazi ya B1 na cheti cha kumwezesha kuingia chuo kikuu. Sipendekezi uanzie hapo. Inabidi uonyeshe fedha zako mwenyewe za kuishi kipindi chote, na familia nyingi za huku kwetu hazina. Tafuta mkataba ukiwa nyumbani.

Anza na majina yako

Watu wengi huanza na pasipoti. Mimi nakwambia anza na meza na karatasi zako zote juu yake.

Sisi tulizipanga jikoni usiku mmoja: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA, kadi ya ubatizo. Cheti cha kuzaliwa kilisema Atupelye. Cha NECTA kilisema Atupele. NIDA walikuwa wameandika Atupele, lakini jina la babu limeanguka herufi moja. Kwa Kinyakyusa ni mtu mmoja, kila mtu wa Rungwe anajua. Kwa ofisa wa Kijerumani anayelinganisha karatasi herufi kwa herufi, hao ni watu watatu.

Kanuni niliyojifunza ni kwamba cheti cha NECTA ndicho kigumu kuliko vyote kubadilika, kwa hiyo karatasi nyingine ndizo zifuate hicho. Marekebisho ya cheti cha kuzaliwa yanaanzia RITA, ambao wilayani kwa kawaida wanapatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Tofauti ndogo zinaweza kufungwa kwa kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina hasa kunahitaji hati ya kisheria iliyosajiliwa. Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie. Nimeona kijana wa Makambako aliyekuwa na mwaka mmoja shuleni na mwaka mwingine NIDA, na ikamgharimu miezi minne.

Majina yakishakaa sawa, ndipo uombe pasipoti. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unakwenda ofisi ya mkoa wako kuchukuliwa alama za vidole. Gharama yote ni shilingi 150,000, na pasipoti inadumu miaka 10. Watataka cheti chako cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kama mzazi hana, na sababu ya safari. Barua ya mwajiri inayokuita kwenye usaili, au mkataba wenyewe, inajibu hilo la mwisho vizuri.

Lugha ndiyo kazi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoachia njiani.

Kwa visa ya mafunzo unatakiwa kwa kawaida uwe na Kijerumani cha B1, ngazi ya tatu kati ya sita: A1, A2, B1, B2, C1, C2. Shule nyingi za uuguzi zinapenda B2. Kufika B1 kutoka sifuri kunahitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45 kila kimoja, kwa makadirio ya Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni. Ukisoma saa mbili kila siku bila kukosa, ni kama miezi minne hadi minane. Ukisoma Jumamosi tu, ni miaka mitatu na utakata tamaa kabla.

Goethe-Institut wapo Dar es Salaam, Upanga, na wanafundisha na kutahini. Kijana wa Nyanda za Juu ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuhamia Dar kwa ndugu kwa miezi kadhaa. Kama una shangazi Mbagala au Kimara anayeweza kukuvumilia, mwombe mapema na umsaidie kazi za nyumbani, maana ngazi tatu ni muda mrefu wa kukaa kwa mtu. Ya pili ni kujifunza ukiwa nyumbani kwa njia ya mtandao, kisha kushuka Dar kwa mtihani tu. Mdogo wangu alichanganya: A1 na A2 akiwa Uyole, B1 akiwa Dar.

Makanisa yetu yana uhusiano wa zaidi ya karne na Ujerumani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wako Njombe na Iringa, Wabenediktini wako Peramiho. Kwenye vituo vingi kuna mgeni wa Kijerumani, au mzee aliyewahi kusoma kule. Uliza. Saa moja kwa wiki ya kuzungumza na mtu anayeijua lugha inazidi mwezi mzima wa kukariri maneno peke yako.

Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne: kusoma dakika 65, kusikiliza dakika 40, kuandika dakika 60, na kuzungumza kama dakika 15. Kila sehemu ina alama 100 na unahitaji 60. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: sehemu hizi zinajitegemea. Ukifaulu tatu na kuanguka kusikiliza, unarudia kusikiliza peke yake. Mdogo wangu alianguka kuandika kwa alama nne, akalia kwenye daladala kutoka Posta mpaka Kimara, akarudia ile moja baada ya wiki sita, akapita.

Kwenye kuzungumza mnakuwa wawili. Mnapewa jambo la kupanga pamoja, kwa mfano kumtembelea mgonjwa: mtakwenda lini, mtabeba nini, nani atanunua. Sisi tulilifanyia mazoezi kila jioni tukimenya viazi. Mimi sijui Kijerumani, ila nilikuwa nashika karatasi ya maswali na kumsomea nilivyoweza. Matamshi yangu yalimsaidia, alisema, kwa sababu ilibidi akisie nilichokuwa namaanisha.

Kutafuta mkataba

Ukiwa umefika A2 nzuri, anza kuomba nafasi. Usisubiri cheti cha B1, kwa sababu waajiri wanatangaza nafasi hata mwaka mzima kabla. Mafunzo mengi huanza tarehe 1 Agosti au 1 Septemba. Uuguzi huanza pia Aprili na Oktoba.

Tafuta kwenye tovuti ya ajira ya serikali yao, Bundesagentur für Arbeit, na kwenye tovuti ya Make it in Germany, ambayo ni ya serikali na ina maelezo ya visa kwa lugha kadhaa. Zote ni bure. Usitafute Berlin na München peke yake. Miji midogo ndiko waajiri wanakohangaika kupata vijana, na chumba cha kupanga huko ni nafuu. Kijana aliyekulia Mafinga hatashtushwa na mji mdogo wenye baridi.

Maombi yana karatasi tatu. Wasifu wako kwa mpangilio wa Kijerumani: ukurasa mmoja au miwili, tarehe kamili, hakuna mwaka uliopotea bila maelezo. Kama ulikaa nyumbani mwaka mmoja ukilima viazi, andika ulilima viazi. Kisha barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kwa nini fani hii na kwa nini kwao. Mwisho, vyeti vilivyoskaniwa vizuri. Usivipige picha kwa simu juu ya kitanda; nenda steshenari. Vyeti vyetu vya NECTA viko kwa Kiingereza, lakini wengi watataka tafsiri ya Kijerumani ya mtafsiri aliyeapishwa.

Kwenye barua, acha maneno makubwa. Rasimu ya kwanza ya mdogo wangu ilijaa "napenda sana kusaidia binadamu". Tukaifuta. Akaandika kwamba bibi yetu alipooza upande mmoja na kwa miaka miwili yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, kumwogesha na kumlisha. Kwenye usaili wa video swali la kwanza lilikuwa: ulimgeuzaje bibi bila kujiumiza mgongo? Akasimama akaonyesha kwa mto. Alituma maombi sitini na kitu, wengi hawakujibu, watatu walimsaili, mmoja akampa mkataba.

Kuhusu usaili wa video: angalia saa. Kipindi chao cha baridi sisi tuko mbele saa mbili, kiangazi saa moja. Wakisema saa nne asubuhi mwezi Januari, kwako ni saa sita mchana. Chaji simu, nunua bando jipya, na uwe na mahali pa pili pa kukimbilia umeme ukikatika. Ingia dakika 10 mapema.

Kwa fani nyingi mkataba unasajiliwa na chemba ya mahali hapo, ya viwanda na biashara au ya ufundi wa mikono. Mwombe mwajiri akutumie nakala yenye usajili huo, pamoja na mpango wa mafunzo na fomu yao ya maelezo ya ajira, kwa sababu ubalozi utavitaka. Uuguzi una utaratibu wake kupitia shule. Pia shule inaweza kuagiza cheti chako cha sekondari kitathminiwe na mamlaka ya jimbo kwanza. Hilo linachukua wiki nyingi, kwa hiyo uliza siku ileile unapokubaliwa.

Kuhusu mawakala

Shangazi yangu wa Mufindi aliuza miti ya mbao ambayo ilikuwa bado haijakomaa, akampa wakala mmoja shilingi milioni nne. Alipewa "mkataba" wenye nembo nzuri. Tulipoandika barua pepe kwa kampuni iliyotajwa, walijibu siku ya pili kwa upole kwamba hawamjui kijana yule wala hawafundishi fani ile. Pesa haikurudi. Miti ya miaka minane haikurudi pia.

Mwajiri wa Kijerumani hamtozi mwanafunzi pesa ili ampe mkataba. Hakuna wakala anayeweza kuahidi visa, kwa sababu uamuzi si wake. Ukionyeshwa mkataba, tafuta mwenyewe tovuti ya kampuni, wala usifuate kiungo ulichotumiwa, kisha waandikie kuuliza. Wakala wa ajira za nje anayefanya kazi kihalali Tanzania ana kibali cha serikali. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ndio wa kuwauliza. Na usimwachie mtu pasipoti yako halisi, hata akiwa muumini mwenzako.

Fedha na bima

Ubalozi unataka kuona kwamba utaweza kuishi. Malipo ya mafunzo yakitosha kwa kiwango wanachokiweka kila mwaka, mkataba ndio ushahidi wako. Yasipotosha, kuna njia tatu: mwajiri akupe chumba na aandike hivyo, mtu anayeishi Ujerumani atie saini ya kukudhamini mbele ya mamlaka za kule, au uweke tofauti kwenye akaunti maalumu iliyofungwa ambayo unaruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kwa mwezi. Zungumza na mwajiri kuhusu chumba kabla ya kusaini. Sisi tulipata chumba kwenye hosteli ya wauguzi, na suala la fedha likaisha hapohapo. Ukiwa na visa hii unaruhusiwa pia kazi nyingine hadi saa 20 kwa wiki, ila usiijengee hesabu. Mwaka wa kwanza masomo yatakula nguvu zote.

Nunua bima ya afya ya safari inayokulinda tangu siku ya kuingia mpaka siku mafunzo yanapoanza. Baada ya hapo utaingizwa kwenye bima yao ya lazima.

Kuomba visa na kushuka Dar

Tangu Januari 2025 Ujerumani ina tovuti ya kuombea visa za kitaifa mtandaoni duniani kote. Unajaza fomu, unapakia karatasi, zinakaguliwa, kisha unaitwa ubalozini ukiwa na nakala halisi. Ubalozi uko Umoja House, Garden Avenue na Mirambo, katikati ya Dar es Salaam. Ada ni euro 75, na hairudishwi ukikataliwa. Pakua orodha ya mahitaji ya ubalozi siku ile unapojaza, usitumie ya rafiki aliyekwenda mwaka jana.

Mwajiri akiwa na haraka, kuna utaratibu wa kuharakisha ambao yeye ndiye anauanzisha kule kwa ada ya euro 411. Mtajie. Wengi wenye karakana ndogo hawaujui.

Sasa safari. Usipande basi la kulala njiani ukitegemea kufika asubuhi ya miadi. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kila mtu wa huku anajua lori likiharibika Kitonga kinachotokea. Fika Dar siku mbili kabla, lala, piga pasi nguo. Kutoka stendi ya mabasi ya Mbezi mpaka mjini asubuhi nako ni safari nyingine. Karatasi ziwe kwenye faili moja kwa mpangilio wa orodha yao, nakala halisi mbele, vivuli nyuma, na faili lishikwe mkononi, lisiingie buti ya basi.

Dirishani wanaweza kukuuliza kwa Kijerumani. Maswali ni ya kawaida: fani hii ni nini, mji ule uko wapi, mwajiri anaitwaje, utalala wapi, kwa nini si Tanzania. Anayezungumza polepole kwa sentensi fupi anaaminika kuliko aliyekariri hotuba. Mdogo wangu hakuelewa swali moja, akasema kwa Kijerumani, "Samahani, naomba urudie." Akarudiwa.

Jibu likija

Inaweza kuchukua wiki chache au miezi mitatu. Usikate tiketi isiyorudishika kabla ya visa kuwa ndani ya pasipoti. Ikifika, soma kila herufi: jina, namba ya pasipoti, tarehe.

Ukikataliwa, barua itaeleza sababu. Tangu 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuandika barua ya kulalamika ubalozini umefutwa. Kilichobaki ni kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin, na muda wa kufungua ni mfupi. Kwa wengi kuomba upya ndiko kwenye maana, mradi mwajiri akubali kusogeza tarehe. Mwandikie siku hiyohiyo.

Wiki mbili za kwanza

Visa uliyopewa ni ya kuingia tu. Ukifika, ndani ya wiki mbili jiandikishe kwenye ofisi ya mji kwamba unaishi pale, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Kisha fungua akaunti ya benki, chagua mfuko wa bima ya afya, na uombe miadi ofisi ya wageni ili upate kibali cha ukaazi kabla visa haijaisha. Miadi hiyo inachelewa, kwa hiyo iombe wiki ya kwanza.

Kuna kipindi cha majaribio: hadi miezi minne kwa fani nyingi, sita kwa uuguzi. Ndani ya kipindi hicho upande wowote unaweza kuvunja mkataba. Ikitokea bila kosa lako, usijifiche na usiache kwenda ofisi ya wageni. Sheria inaruhusu upewe hadi miezi sita utafute nafasi nyingine. Wapo waliotoroka kwa woga wakapoteza haki waliyokuwa nayo.

Beba vyeti vyote halisi kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na nakala zilizogongwa mhuri. Sweta la Mbeya la mwezi wa saba litakufaa mpaka Oktoba. Koti la baridi kali nunua kulekule, kwenye maduka ya mitumba, yapo na ni mazuri. Mdogo wangu alibeba pia kilo mbili za mchele wa Kyela. Siku ya tatu aliwapikia wenzake wa hosteli, na aliyekuja kuonja wa kwanza ndiye aliyempeleka kesho yake ofisi ya mji kujiandikisha.